Nilipomwekea Mdogo Wangu Vikwazo

Mdogo wangu aliingia uani Ijumaa moja mchana, watu wakitoka msikitini, amebeba begani gunia ambalo lilimpinda mgongo ingawa ndani yake palionekana kuwa na kitu kidogo tu. Alikuwa baharia wa boti za mizigo hapa ziwani Kivu, mtu aliyebeba saruji na makreti ya bia tangu ujana wake, kwa hiyo nilishangaa kumwona akihema. Alilitua gunia juu ya meza ya mama, meza ikalia. Kilichotoka humo kilikuwa chupa ya chuma, urefu wake kama wa chupa ya chai, imechomelewa juu na chini, na ubavuni imebandikwa karatasi ya njano yenye mapanga matatu meusi kama ya feni. Kwenye kitako palikuwa na kovu la kuchomelea lililojikunja kama ukucha. Nilimwambia aitoe pale mara moja, ile ni meza ya kulia chakula.

"Yaya," alisema, maana ndivyo dada mkubwa anavyoitwa upande wa Goma, na lugha yake ilikuwa ya Goma, "hii kitu iko uraniamu. We haujui bei yake."

Alikuwa ametoa pikipiki yake kuipata. Pikipiki nzima, yenye matairi mapya, akampa mtu ambaye hata jina lake kamili hakulijua.

Watu wa mbali watacheka, lakini wa Gisenyi hawatacheka sana. Sisi tumekulia hapa mpakani na Kongo, Goma ikiwa ng'ambo tu, na tangu utotoni tumesikia kwamba bomu lililoangushwa Japani lilitengenezwa kwa madini ya Kongo. Baba yetu alikuwa akitusimulia habari hiyo kwa majivuno, utadhani yeye ndiye aliyeyapakia garini. Kwa hiyo mtu akivuka barrière ndogo, kivuko cha mpakani cha waendao kwa miguu, na kitu kizito kisichofunguka, wengi wetu hatuulizi kama ni kweli. Tunauliza mnunuzi atakuja lini. Na mnunuzi siku zote yuko njiani.

"Atanunua nani?" nilimuuliza.

"Bale banaonyimwa."

Kila asubuhi akinyoa ndevu alikuwa anasikiliza habari kwenye simu yake. Iran imefanya hivi, Korea ya Kaskazini imesema vile, mataifa makubwa yameongeza vikwazo, mazungumzo yameahirishwa. Sisi wengine tuliposikia habari hizo tulimshukuru Mungu kwamba ni za mbali. Yeye alizisikiliza kama mkulima anavyosikiliza utabiri wa mvua. "Bakifunga mulango moja, bei inapanda," aliniambia, povu la sabuni bado liko shavuni. "Bakifunga ya pili, inapanda tena. Donc, basi, mi nangojea tu."

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akichambua maharage. Hakuinua uso. "Na ikifika huko," aliuliza, "itaua batoto ya nani?"

"Mama, mi nauza chuma tu."

"Nimekuuliza batoto ya nani."

Alilibeba gunia lake akaenda nalo chumbani kwake, ng'ambo ya ua, akalisukuma chini ya kitanda. Mkewe alivumilia juma moja. Alisema kichwa kilikuwa kinamuuma kila akilala, na sijui kama kilimuuma kwa sababu ya chupa au kwa sababu ya kuifikiria, lakini alifunga nguo zake akarudi kwao Bugeshi, kwenye baridi na viazi. Mdogo wangu alimsindikiza hadi kituoni kwa heshima zote, halafu akarudi kukaa juu ya kitanda chake, miguu imepakana na gunia.

Niseme wazi nilichokitaka, kwa sababu baadaye watu walinitia maneno mdomoni. Nilitaka chupa itoke na mdogo wangu abaki. Ningeweza kwenda kituo cha polisi, ni mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Lakini mtu anayesafiri kila wiki baina ya nchi mbili zinazotazamana kwa jicho baya, akikutwa na kitu kama kile, nani atamsikiliza akisema ni biashara? Nilimwona amefungwa, nikamwona mama akipeleka chakula gerezani. Nikasema hapana, jambo hili tutalimaliza wenyewe.

Tulianza kwa maneno. Tulimwita shangazi yetu, dada wa baba, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, mwenye sauti ya kusikika kutoka ufukweni hadi sokoni, ambaye akitaka anaweza kuwa mpole kama maziwa. Tulikaa Jumapili mbili kwa chai na mandazi. Shangazi hakumkaripia. Alimuuliza habari za boti, habari za mke, akamsifu shati, ndipo akamwambia: mwanangu, itoe, tuikabidhi kwa wanaohusika bila kutaja jina lako, na sisi ukoo mzima tutachanga tukununulie pikipiki nyingine. Mimi nilikuwa nakunja mikono nikiona anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini mdogo wangu alilegea, nakiri. Aliahidi hatauza mpaka Ramadhani ipite. Alikubali tuwe tunaikagua kila Jumapili, kuitazama tu, bila kuigusa. Jumapili ya kwanza aliileta, tukaizunguka kama watu wanaotazama maiti. Jumapili ya pili alileta gunia, ndani mkawa na jiwe.

"Iko wapi?" nilimuuliza.

"Iko pahali yake. Mi niliahidi sitauza. Sikuahidi kwamba haitatembea."

Shangazi alicheka, Mungu amsamehe, alicheka mpaka chai ikamwagika. Alisema tusichoke, mtu anayebishana juu ya ahadi yake bado anaihesabu kuwa ahadi, twende naye polepole. Mimi damu ilinichemka. Nilisema tumefanywa watoto wadogo. Nilisema maneno yamekwisha.

Vikwazo vilikuwa wazo langu. Shangazi alikataa kushiriki, akarudi kwa samaki wake. Nyumba ya mama ni ndogo lakini mimi ndiye mkubwa, na tangu baba afariki neno langu ndilo linalofuatwa. Niliamuru asipewe chakula kutoka sufuria ya mama. Nguo zake zisifuliwe. Asitumwe na asitumikiwe. Na asisemeshwe.

Hapo ndipo tulipokwama, maana sisi ni Waislamu, na tangu madrasa tumefundishwa kwamba si halali kumnunia ndugu yako zaidi ya siku tatu. Mama aliniambia hatakubali kuingia kaburini na dhambi hiyo. Nilifikiri usiku kucha, asubuhi nikatoa fatwa yangu, mimi fundi cherehani. Tutamnyamazia siku mbili. Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, tutamsalimia, tutamjulia hali, tutakuwa tumetimiza sheria. Halafu tunaanza kuhesabu upya. Na akitusalimia katikati ya hizo siku mbili, kwa kuwa kuitikia salamu ni faradhi, tutamwitikia moyoni, midomo imefumba.

Tulifanya hivyo kweli. Tulifanya kwa miezi. Kila siku ya tatu alikuwa anatoka chumbani kwake, anasimama kando ya pipa la maji, na sisi tunatoka mlangoni. Asalaam aleikum. Waleikum salaam. Umeamkaje. Muzuri, na nyinyi? Tuko salama. Kisha tunarudi ndani na mlango unafungwa. Nimesikia kwamba mataifa makubwa nayo hukaa kila baada ya muda, yakaangalia karatasi, yakaongeza muda wa vikwazo vyao. Sijui wao wanajisikiaje wakitoka kwenye kikao hicho. Mimi nilijisikia nina akili sana.

Mama aliomba ruhusa ya dawa. Nilikubali, nikasema dawa sawa, malaria haina siasa. Aliomba ruhusa ya chai ya asubuhi, nikakataa. Siku moja nikakuta sahani ya ugali na sambaza imefunikwa kwa kanga nyuma ya pipa, bado ina moto. Nilimwendea mama jikoni na sahani mkononi. Nilimwambia yeye ndiye anayemharibu, kwamba kila tonge analompa ni siku nyingine ya ile chupa. Mwanamke wa zaidi ya miaka sabini, nilimpigia kelele kama vile ameiba. Alifuta mikono kwenye gauni, akasema, "Basi mwanangu, nimeacha." Na kweli aliacha. Lilikuwa jambo baya, na nitaeleza baya zaidi hapo mbele, lakini bado hili ndilo linalonijia nikiwa nakula.

Viazi tu ndivyo vilivyopita. Mkewe, aliyemkimbia, alikuwa akimtumia viazi kutoka Bugeshi kwa watu wanaoshuka sokoni, na sikuweza kuvizuia. Ni kama mpaka wetu. Ukifunga barabara kuna vijia vya magendo vya Cyanzarwe, na ukifunga vijia kuna mtu mwenye shangazi upande wa pili. Alivichemsha mwenyewe kwenye jiko la mkaa mlangoni kwake, akala bila chumvi, akiwa ametugeuzia mgongo. Alikonda. Aliacha kwenda kwenye boti kwa sababu hakutaka kuiacha chupa peke yake. Aliirudisha chumbani, na sasa haikuwa chini ya kitanda tena, ilikuwa kitandani, upande aliokuwa akilala mkewe. Niliiona kupitia dirisha, imefunikwa shuka hadi shingoni.

Siku moja ya tatu, baada ya salamu, alisema neno la ziada. "Yaya, mwanzo mi nilikuwa na mashaka kidogo. Nilikuwa nasema, labda huyu mutu alinidanganya. Lakini nyinyi munaninyima mpaka ugali ya mama. Kama ingekuwa takataka, mungecheka tu. Sasa najua rwose, kabisa, iko kitu ya kweli."

Nilipaswa kusikia. Mtu alikuwa ananiambia waziwazi kwamba njaa niliyomtia ndiyo iliyoipa chupa yake thamani. Nilichokisikia mimi ni kiburi. Nilirudi ndani, nikafunga mlango, nikaanza kuhesabu upya.

Alikuja kwenye kibanda changu cha kushonea siku ya pili ya mzunguko mwingine. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua zuri, nilikuwa napinda pindo la kanzu. Alikuwa amenyoa. Amevaa shati nililomshonea Idi, limemlegea mabegani, na mikono yake ilikuwa mitupu. Alisimama kizingitini, hakuingia.

"Asalaam aleikum, yaya."

Nilimwitikia moyoni. Naapa nilimwitikia moyoni, tena nilisema yote, na rehema za Mungu na baraka zake. Macho yangu yalikuwa kwenye sindano.

"Mi nataka kukuambia kitu."

Nilikanyaga cherehani. Cherehani yangu ni ya miguu, ina kelele, na nilikanyaga kwa nguvu kuliko pindo lilivyohitaji. Nilikuwa najiambia kesho. Kesho ni siku ya tatu, kesho alasiri atasema na nitamsikiliza, sheria ni sheria, nikilegea leo miezi yote imepotea bure. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Alisubiri mpaka nikafika mwisho wa pindo. Nikageuza kanzu, nikaanza pindo la pili ambalo lilikuwa limeshapindwa. Nilipoinua kichwa kizingiti kilikuwa kitupu, na nyanya za muuza mboga wa jirani zilikuwa zinang'aa juani, pale alipokuwa amezikinga kwa mwili.

Wanawake wanaovusha mboga walimwona kwenye barrière ndogo mchana huo, katikati ya wachukuzi, ana gunia begani, anatembea upande kwa uzito. Mmoja alimsalimia, akamjibu vizuri. Hakurudi jioni. Alasiri ya kesho yake, siku ya tatu, mama alitoka mlangoni kwa ajili ya salamu, akasimama akilitazama pipa.

Tulimtafuta Goma, mimi na shangazi. Tulikwenda hospitali, tukaenda magereza, tukaenda na kule wanakohifadhi maiti, ambako shangazi aliingia peke yake na kunikataza nisimfuate. Bandarini walisema hawajamwona. Goma yenyewe siku zile ilikuwa haijatulia, kila tuliyemuuliza alikuwa na mtu wake wa kumtafuta. Mtu aliyechukua pikipiki hakuna aliyemjua. Tulirudi na picha yake ikiwa imechakaa kwa kushikwa.

Tangu siku hiyo namsikia kibandani. Si mzuka, sitaki mtu afikiri nimeanza mambo hayo. Ni kwamba nikiacha kukanyaga, katika ule utulivu mfupi kabla ya kukata uzi, kuna mtu anasema mi nataka kukuambia kitu, na nimekwishainua kichwa kabla sijakumbuka. Kitu gani? Mikono yake ilikuwa mitupu. Labda alikuja kusema amechoka, njoo tuitoe. Labda alikuja kuaga. Labda alitaka sahani ya ugali. Wateja wamezoea kuniona nikiinua kichwa hivyo, na wengine hugeuka kuangalia nani ameingia.

Mwaka uliofuata alikuja mchomeleaji mmoja wa vyuma kutoka mashambani, kupunguza suruali. Mtu mcheshi. Alikuwa anamsimulia mwenzake, mimi nampima kiuno, jinsi zamani walivyokuwa wakiyeyusha madini ya risasi ya betri za magari na kuyamimina ndani ya bomba la shokabsoba kuukuu, wakachomelea, wakabandika karatasi ya njano. "Watu wa Gisenyi walikuwa wateja wazuri," alisema. Nilimuuliza kitako walikuwa wanakifungaje. Alichora hewani kwa kidole, kikajikunja kama ukucha. Nilimrudishia suruali yake nikamwambia atoke. Aliuliza amekosa nini. Nilimwambia kibanda kimefungwa, nikafunga kweli, nikakaa ndani na mikasi mapajani mpaka adhana.

Kwa hiyo najua. Hapakuwa na uraniamu, hapakuwa na nchi, hapakuwa na mnunuzi. Alivuka mpaka amebeba betri za magari, kukutana na watu ambao biashara yao ni kuwapokea wanaoamini. Sikuhitaji vikwazo. Nilihitaji msumeno wa chuma na dakika tano za mazungumzo mazuri, na shangazi alikuwa amebakiza Jumapili moja tu, labda mbili.

Kuna mwalimu huja kwangu, hupenda kubishana habari za dunia, na aliwahi kuniuliza kama naamini vikwazo vinaweza kuizuia nchi korofi isipate bomu. Nilimwambia sijui habari za nchi. Najua habari za mtu mmoja. Ukimnyima, atakifunika kitu chake shuka akilaze kitandani. Ukiongea naye, atakudanganya, utacheka au utakasirika, na kesho atarudi kukudanganya tena, na siku anazokuja kukudanganya ni siku ambazo bado yuko. Labda vyote viwili vinahitajika, sina elimu ya kukataa. Lakini ukimbana mtu, basi kaa mlangoni, na siku atakayokuja usimwambie hesabu haijatimia. Mwalimu alisema hilo si jibu. Nilimwambia alipie kaptula za wanafunzi wake aende.

Mama sijamwambia kuhusu betri. Mwanzoni niliogopa litamuua. Sasa siwezi kwa sababu nyingine. Mama, ambaye zamani habari za bomu zilimfanya aache kula, sasa hazimpiti. Amenunuliwa kiredio na jirani, amekiweka kando ya mkeka wa kuswalia, na akisikia jina la moja ya nchi zile ananiita niache kazi nije nimfafanulie. Wamekubaliana? Wamezuiwa? Wamepata? Nilidhani ni uzee. Ilinichukua muda kuelewa anachokisubiri.

Juma lililopita, baada ya sala ya adhuhuri, walisema mazungumzo yamevunjika, na kwamba nchi mojawapo inadhaniwa imekaribia sana kuwa na silaha hiyo, na vikwazo vyote vile havikufua dafu. Watu sokoni walikuwa wanasikitika. Mama alinishika mkono, na uso wake ulikuwa na nuru ambayo sijaiona tangu mdogo wangu aondoke.

"Basi alifika," aliniambia. "Kama kweli imepatikana, mutoto wangu alifika. Aliuza, akalipwa, iko muzima pahali fulani, anaona haya tu kurudi."

Mama aligeukia kibla, akainua mikono yake miwili iliyokauka, akamwomba Mungu awafungulie watu wale kila mlango waliofungiwa, awape walichokuwa wanakitafuta. Nilijua anaomba nini. Nilikumbuka swali lake la siku ile ya maharage, na nikajua naye amelikumbuka na bado anaomba. Nilipiga magoti pembeni yake juu ya mkeka, nikainua mikono, na alipomaliza nikasema amina kwa sauti, na niliikusudia.